Kumtumia Mnunuzi wa Ng'ambo Kitu Kinachovunjika: Mwongozo Kamili wa Kufunga, Makaratasi na Bima

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Sanamu ya kauri imezungushiwa plastiki ya mapovu mpaka imekuwa kama mpira, boksi limebandikwa "FRAGILE" pande zote, na bado mnunuzi anatuma picha ya mkono uliokatika. Kisha bima inagoma kulipa: ufungaji haukukidhi masharti, au thamani iliyoandikwa kwenye fomu ya forodha ni ndogo kuliko inayodaiwa.

Kwenye kufunga, watu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wengine huacha nafasi kitu kikacheza. Wengine hukaza mno, hivyo kila pigo la boksi linakifikia kitu moja kwa moja. Kitu dhaifu kinatakiwa kielee: kishikwe kila upande na kitu kinachobonyea kisha kikarudi, kisisogee na kisiguse ukuta. Mwongozo huu unatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: sanamu ya kauri ya mcheza dansi, urefu sm 18, upana sm 10, kina sm 9, uzito gramu 700, mkono mmoja umenyooshwa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maboksi mawili mapya. La ndani takriban sm 28 × 20 × 19, la nje takriban sm 40 × 32 × 31. La nje liwe la kuta nene zenye tabaka mbili za mawimbi. Boksi lililowahi kusafiri au kunywa unyevu limeshapoteza nguvu, hata kama kwa macho linaonekana zima.
- Karatasi laini isiyo na asidi, shiti 6 hadi 8.
- Plastiki ya mapovu madogo, mita 2 hadi 3. Mapovu makubwa ni ya kujazia tu, si ya kugusa kitu.
- Karatasi ya kaki, mita 20 hadi 30. Ndiyo, ni nyingi. Wengi hununua mita 5 kisha wanamalizia na magazeti.
- Selotepu ya kufungia maboksi, upana wa sm 5. Selotepu ya ofisini na utepe wa mafundi rangi havifai.
- Sponji au vipande vya kadibodi, mfuko wa plastiki, pakiti ya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), mizani, futi ya kupimia, na kamera ya simu.

Usitumie magazeti kugusa kitu: wino unahamia kwenye kauri isiyong'arishwa na kwenye karatasi za zamani. Nyasi kavu na majani makavu pia viache kabisa. Nchi kama Australia na New Zealand huvizuia mpakani kwa hofu ya wadudu na magonjwa ya mimea, na boksi lililowahi kubeba matunda au mayai laweza kukwamia hapohapo.

## Hatua ya 1: Hakikisha kitu kinaruhusiwa kuvuka mpaka

Hatua hii inafanywa kabla ya kutangaza bidhaa. Ukishapokea hela ya mnunuzi, umechelewa.

Angalia kwanza kitu kimetengenezwa kwa nini. Pembe za ndovu, gamba la kasa, matumbawe, manyoya ya baadhi ya ndege wa porini na baadhi ya mbao adimu vinasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu 1975. Hata kipande kidogo, kama kitufe cha pembe ya ndovu kwenye kifuniko cha birika la fedha, kinatosha kufanya mzigo mzima ushikiliwe. Ukubwa wa kipande hauna maana kwa mkaguzi.

Angalia pili kilichomo ndani. Chupa ya manukato ya mkusanyaji yenye mabaki ya manukato ni kimiminika kinachowaka. Kipima hewa cha zamani chenye zebaki hakipandi ndege kwa njia ya kawaida. Saa yenye rangi ya radiamu, ambayo hutoa mionzi, na mwanasesere mwenye betri ya lithiamu vina masharti yake. Tufe la kioo lenye maji na theluji ya bandia linaweza kuganda na kupasuka kwenye baridi.

Tatu, umri. Nchi nyingi zinataka kibali ili kitu cha kale kitoke. Upande wa kupokea nao umekaza: tangu 28 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unadai leseni ya kuingiza vitu vya akiolojia vyenye zaidi ya miaka 250 vilivyotoka nje ya Umoja huo.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja kila malighafi iliyomo kwenye kitu chako, na hakuna hata moja inayohitaji kibali ambacho huna.

## Hatua ya 2: Kagua na piga picha

Osha mikono, weka kitu juu ya taulo, kisha kipitie kwa mwanga wa ubavuni. Ukiwa na tochi ya mwanga wa urujuanimno, iwashe gizani: gundi na rangi za ukarabati wa zamani mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Mahali palipogundishwa ndipo patakapoachia kwanza, hasa mzigo ukikaa kwenye joto la ghala. Mwambie mnunuzi mapema na uandike kwenye tangazo.

Piga picha pande zote, alama ya chini, kila ufa na kila palipomeguka, huku rula ikionekana. Endelea kupiga katika kila hatua ya kufunga. Picha hizo ndizo zitakazokutetea huko mbele, na hakuna atakayekubali maelezo ya mdomo.

## Hatua ya 3: Linda sehemu zinazochomoza

Hapa ndipo vitu vingi huvunjikia, na mara nyingi mvunjaji ni mfungaji mwenyewe.

Mcheza dansi wetu amenyoosha mkono. Ukimzungushia plastiki ya mapovu moja kwa moja, kila mzunguko unauvuta mkono kuelekea kiwiliwili. Ukikaza kidogo, nyufa zinaanza mezani pako, kisha mtikisiko wa kwanza wa gari unamalizia kazi.

Fanya hivi. Viringisha karatasi laini kuwa vijiti vinono kama kidole gumba. Weka kimoja juu ya mkono, kimoja chini, na kimoja au viwili ubavuni, mpaka vijiti vipite ncha ya vidole kwa sm 1 au 2. Usizibe upenyo kati ya kidole na kidole. Sasa zungusha shiti nzima ya karatasi laini juu ya vyote. Mzunguko utalala juu ya vijiti na kuvuka vidole bila kuvigusa. Uzito wote ubebwe na kiwiliwili na kitako cha sanamu, maana ndipo penye nyama.

Vitu vingine, kwa ufupi:

- Birika na kasha: kifuniko kifungwe peke yake. Tumbo lijazwe karatasi kwa ulegevu, lisishindiliwe.
- Sahani: zisimame kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu, zisilazwe. Sahani iliyosimama huhimili pigo la wima kuliko iliyolala.
- Picha yenye kioo: bandika utepe wa mafundi rangi juu ya kioo kwa umbo la X na mistari ya kuzidishia, ili kikivunjika vipande visikwaruze picha. Usiguse fremu yenye dhahabu.
- Santuri: itoe kwenye jalada, ikae nyuma ya jalada ikiwa ndani ya mfuko wake. Ikibaki ndani, ukingo wake unapasua mshono wa jalada.
- Saa ya pendulamu: pendulamu itolewe. Hili husahaulika kuliko yote.

Onyo: usibandike selotepu yoyote juu ya kauri. Dhahabu ya ukingoni na rangi iliyopakwa bila kuchomwa hung'oka nayo.

## Hatua ya 4: Zungusha plastiki ya mapovu

Karatasi laini lazima itangulie. Mapovu yakigusa rangi au vanishi moja kwa moja kwa wiki kadhaa kwenye joto, huacha alama za duara zisizofutika.

Zungusha mara 2 au 3 kwa mapovu madogo, kisha tia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na silika jeli. Mfuko uwe mkavu na karatasi iwe kavu. Ukifungia unyevu ndani, mabadiliko ya joto kati ya ndege na ghala yatautoa kama umande juu ya kitu. Vipande vikimeguka njiani, mfuko huohuo unavizuia visipotee.

Umefaulu ikiwa ukikibonyeza kwa kiganja unahisi kinabonyea na kurudi. Kikiwa kigumu kama jiwe, umekaza mno. Fungua uanze upya.

## Hatua ya 5: Boksi la ndani

Tandika sm 5 za karatasi iliyofinyangwa chini. Weka sanamu katikati, ikisimama au ikilala chali kulingana na umbo lake, kisha jaza pande zote na juu kwa sm 5 zilezile. Ndiyo maana boksi la sm 28 × 20 × 19 linaitosha sanamu ya sm 18 × 10 × 9.

Kwenye kujazia, chembe nyepesi za stairofomu zina tabia mbaya: zinatembea. Mzigo ukitikisika siku kumi, kitu kizito kinazama taratibu mpaka kikae juu ya sakafu ya boksi, nazo zinabaki zimejaa juu. Mfungaji ameona boksi limejaa pomoni, lakini linapofika, kitu kiko chini kabisa. Povu la kunyunyizia nalo hupanuka na kubana pasipotakiwa kubanwa. Karatasi ya kaki iliyofinyangwa vizuri, au sponji iliyokatwa kwa kipimo, ni salama zaidi.

Andika jina na anwani ya mnunuzi na yako kwenye karatasi, iweke juu kabisa ndani ya boksi hili. Lebo ya nje ikichanika, hiyo ndiyo itakayookoa mzigo.

## Hatua ya 6: Boksi la nje

Boksi la ndani lielee ndani ya la nje kwa sm 6 kila upande, juu na chini pia. Maboksi mawili yaliyoshikana hayana faida ya boksi mbili. Ni boksi moja zito tu. Pembe ndizo hupigwa kwanza, kwa hiyo zijaze kwa nguvu kuliko mahali pengine.

Funga kwa selotepu kwa umbo la H: mstari mmoja katikati ya mshono, na mingine miwili kwenye kingo, juu na chini. Usifunge kamba. Kamba hunaswa kwenye mashine za kupangia vifurushi.

Bandika lebo kwenye uso mpana, isipite juu ya mshono, na ufute au ufunike kila msimbo wa mistari wa zamani. Kibandiko cha "FRAGILE" weka ukitaka, ila usikitegemee: mkanda wa mashine hausomi. Nje usiandike kitu chochote kinachotangaza thamani.

Ukilazimika kutumia kreti ya mbao, mbao nene kuliko milimita 6 lazima iwe imetibiwa kwa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, mathalani kwa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, na iwe na mhuri wake. Plaiwudi haihusiki.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kukabidhi

Inua boksi, ligeuze kila upande, litikise sikio likiwa karibu. Usisikie chochote. Ukisikia sauti ya "tu", hata ndogo, fungua.

Kama unauza vitu vya aina moja mara kwa mara, funga boksi la majaribio: glasi ya kawaida yenye uzito sawa na wa bidhaa yako, imefungwa kwa njia ileile. Lidondoshe boksi hilo kutoka sm 76 kwenye sakafu ngumu mara 10: kona 1, kingo 3, na nyuso zote 6. Huo ndio mpango wa kudondosha katika ISTA 1A, jaribio la kimataifa la ufungaji, kwa vifurushi vyepesi. Glasi ikivunjika kwenye kona, unajua pa kuongeza. Ni heri ya glasi.

## Hatua ya 8: Pima ndipo utaje nauli

Kosa hili halivunji kitu, linavunja mfuko. Boksi letu lina uzito wa takriban kilo 2.8 kwenye mizani. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege hutumia uzito wa ujazo: urefu × upana × kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Hapa ni 40 × 32 × 31 = 39,680, ukigawa unapata 7.94. Utalipia kilo 8.

Muuzaji aliyekadiria kwa kupima sanamu peke yake ataanza kupunguza karatasi na kubadilisha boksi ili nauli irudi pale alipoahidi. Matokeo unayajua. Funga kwanza, pima, ndipo umtajie mnunuzi bei ya kusafirisha.

## Hatua ya 9: Makaratasi ya forodha

Kwa posta, fomu ni CN22 kwa pakiti ndogo za daraja la barua zenye thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), na CN23 thamani ikizidi hapo au mzigo ukienda kama kifurushi. Kampuni binafsi hutaka ankara ya biashara. Mambo manne ndiyo yanayochelewesha mizigo:

Maelezo. Usiandike "zawadi" wala "bidhaa ya mkusanyaji". Andika "sanamu ya mapambo ya kauri, iliyotumika, ya karibu mwaka 1930", kwa lugha ambayo nchi inayopokea inaikubali.

Msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa. Sanamu za mapambo za kauri ziko 6913, vyombo vya mezani vya kioo 7013, vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 viko 9706. Hii ya mwisho mara nyingi ina nafuu ya ushuru, lakini umri lazima uwe na uthibitisho.

Nchi ya asili. Ni pale kitu kilipotengenezwa, si pale unapokituma kwa posta.

Thamani. Andika bei halisi ya mauzo. Wanunuzi wengine watakuomba uandike pungufu au useme ni zawadi. Kataa. Kwanza ni udanganyifu wa forodha. Pili, kitu kikivunjika, bima itakushika kwa kiasi kilekile ulichoandika.

Kabla ya kutuma, kubalianeni kwa maandishi nani analipa ushuru. Kwa masharti ya DAP analipa mnunuzi, kwa DDP unalipa wewe. Mnunuzi aliyeshtukizwa na bili hukataa mzigo, na safari ya kurudi ni nafasi ya pili ya kuvunjika. Misamaha waliyoizoea watu inapungua: Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya yuro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wa ushuru wa chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025.

## Hatua ya 10: Bima

Soma orodha ya visivyolipiwa kabla ya kulipa ada. Kampuni nyingi za usafirishaji hukuuzia bima ya kauri, kioo na vitu vya kale, kisha kwenye masharti zinasema vitu hivyo vinalipwa vikipotea tu, si vikivunjika. Ukikuta hivyo, tafuta bima ya kampuni nyingine, isiyo ya msafirishaji, inayotaja kuvunjika waziwazi.

Bila bima, unabaki na ukomo wa msafirishaji. Kwa mizigo ya ndege inayotawaliwa na mkataba wa Montreal wa 1999, ukomo ni SDR 26 kwa kilo tangu 28 Desemba 2024. Boksi letu la kilo 2.8 linapata SDR 72.8, hata kama sanamu ilikuwa na thamani mara kumi ya hapo. Vifurushi vya posta haviko chini ya mkataba huo, vina kanuni za Umoja wa Posta Duniani.

Chagua huduma yenye namba ya ufuatiliaji na saini ya mpokeaji. Tuma kwenye anwani iliyoko kwenye muamala tu. Mnunuzi akikuomba ubadilishe baada ya kulipa, futa muamala na muanze upya. Ukumbuke pia kwamba anayelipa kwa PayPal ana siku 180 za kufungua mgogoro, kwa hiyo picha zako usizifute mapema.

## Hatua ya 11: Mwandae mpokeaji

Siku ya kutuma, mpelekee mnunuzi namba ya ufuatiliaji pamoja na maelekezo haya: apige picha za boksi pande zote sita kabla ya kulifungua, afungue kwa juu bila kuzamisha kisu, na asitupe chochote mpaka amekagua. Mwambie kama kuna mfuko wa kifuniko au vipande vidogo. Vitu vidogo hutupwa pamoja na karatasi kila siku, kisha vinadaiwa havikutumwa.

## Kimefika kimevunjika: nini kifanyike

Omba picha saa hiyohiyo: boksi la nje, boksi la ndani, vijazio vilivyokaa, lebo, kitu chenyewe, na vipande vyote vikiwa juu ya karatasi nyeupe. Kwa mzigo wa ndege chini ya Montreal, malalamiko ya uharibifu yaandikwe ndani ya siku 14 tangu kupokea. Baadhi ya kampuni na bima hutoa muda mfupi zaidi, hivyo angalia yako leo, si siku ya tatizo.

Ambatisha ankara, uthibitisho wa malipo, picha zako za hatua ya 2 hadi ya 6, na vipimo vya maboksi. Kama kilichovunjika ni mkono tu, dai linaweza kuwa la gharama ya kukarabati na thamani iliyoshuka badala ya bei nzima, na hapo barua ya mkarabati yenye kiwango chake cha malipo inasaidia sana.

Mnunuzi asikurudishie vipande, na asijaribu kuvigundisha. Vibaki kwake, ndani ya maboksi yaleyale, mpaka mkaguzi wa bima aandike kwamba amemaliza navyo.